Barua kwa ofisi ipi, na mwezi gani? Maswali ya wasomaji kuhusu kudai makazi

Barua za safari hii zinahusu watu wanaolala nje na wale wanaokaribia kufukuzwa walikokaa, na jinsi majirani wanavyoweza kuibana serikali ya Uganda ichukue hatua. Barua zilizofanana tumeziunganisha, na majina ya waandishi tumeyaacha.

SWALI: Wahariri, sisi ni vijana wa Kisenyi, Kampala. Tuliandika waraka tukaitaka serikali ikomeshe tatizo la watu kulala nje. Tukakusanya sahihi zaidi ya mia tatu, tukapeleka divisheni, yaani ofisi ya serikali ya sehemu yetu ya jiji. Waliupokea, wakagonga muhuri, na mpaka leo kimya. Tulikosea wapi?

JIBU: Ndugu zetu, sahihi zilitosha. Shida ni kwamba waraka wenu hauna mwenyewe. Karani wa divisheni akisoma "serikali ikomeshe tatizo la kulala nje", hana fungu la bajeti lenye jina hilo wala afisa wa kumkabidhi. Anaufungia kwenye faili, na huenda hana hata nia mbaya.

Anzeni kwa kuwagawa watu kulingana na anayewajibika kwao. Mtoto anayelala kwenye veranda ya duka yuko chini ya afisa wa probesheni na ustawi wa jamii, na juu yake kuna Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Familia iliyojenga kandokando ya reli inagongana na Shirika la Reli. Aliyejenga kwenye kinamasi atakutana na NEMA, mamlaka ya mazingira, kama walivyokutana nayo watu wa Lubigi mwaka 2024 nyumba zao zilipobomolewa. Waliopoteza nyumba kwa maporomoko au mafuriko wanashughulikiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, upande wa majanga. Mpangaji aliyetolewa nje na mwenye nyumba, njia yake ya kwanza ni mahakama. Sera ya taifa ya nyumba, ile ya mwaka 2016, iko Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Miji. Waraka mmoja hauwezi kubisha hodi kwenye milango yote hiyo. Andikeni mitatu au minne, kila mmoja ukurasa mmoja.

Kila waraka uombe kitu ambacho afisa anaweza kukikubali au kukikataa: watu wangapi, shilingi ngapi, kabla ya tarehe gani. Tuchukue mfano wa familia 30 zilizotolewa walikokaa na hazina pa kwenda. Kodi ya chumba kimoja tuseme ni 150,000 kwa mwezi, kwa miezi mitatu: hiyo ni 13,500,000. Usafiri wa vitu vyao, 80,000 kila familia, ni 2,400,000. Jumla 15,900,000. Bei hizo ni za mfano tu. Ninyi ulizeni bei za zoni (mtaa) yenu kwa wenye nyumba watatu, mwandike majibu yao. Afisa akiona hesabu iliyopigwa na kuonyeshwa bei zilikotoka, hana nafasi ya kusema mnataka mamilioni yasiyojulikana.

Aya ya kwanza itaje Katiba ya 1995. Lengo la XIV linasema Waganda wote wapate, pamoja na elimu, afya na maji safi, makazi ya staha. Mtaambiwa kwamba malengo hayo ni mapambo ya mwanzoni mwa Katiba. Jibu lake ni ibara ya 8A, iliyoongezwa mwaka 2005, inayotaka nchi itawaliwe kwa kufuata misingi iliyomo kwenye malengo hayo. Sentensi mbili zinatosha. Msijaze ukurasa kwa vifungu, kwa sababu anayesoma anatafuta mnachoomba.

Kisha kuna mwezi, na hapa ndipo vikundi vingi huanguka. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini fedha zake hugawanywa miezi mingi kabla. Vikao vya vijiji na parishi vya kupanga vipaumbele hufanyika karibu Agosti hadi Oktoba. Mkutano wa bajeti wa wilaya, manispaa au jiji huwa Oktoba au Novemba, na uko wazi kwa wananchi. Mwongozo wa bajeti ya taifa hufika Bungeni kabla ya 31 Desemba. Taarifa za sera za wizara hufika kufikia 15 Machi, makadirio yenyewe 1 Aprili, na Bunge linatakiwa kuyapitisha kufikia 31 Mei. Ile hotuba ya Juni ambayo watu huikalia redioni husomwa wakati mgao umeshapita. Waraka ukifika Februari, afisa atawaambia kwa haki kabisa kwamba mafungu yamefungwa. Uleule ukifika Septemba, bado unaweza kuingia kwenye orodha ya parishi.

Mkipeleka, chukueni nakala mbili. Moja inabaki, ya pili inagongwa muhuri na kuandikwa tarehe na jina la aliyepokea. Muhuri usio na jina haufai kitu siku ya kufuatilia.

SWALI: Sisi tuna nia ya kuhesabu watu wanaolala nje Kawempe, lakini kila mtu ana namba yake. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) anasema hawafiki ishirini, wenye maduka wanasema mia mbili. Tunahesabuje ili tuaminike?

JIBU: Hesabu ya usiku mmoja, zoni zote kwa wakati mmoja. Mkihesabu zoni hii Jumatatu na ile Jumatano, mtu yuleyule ataingia mara mbili, na afisa wa kwanza atakayeligundua hilo atalitupa daftari lote.

Muda unaofaa ni kati ya saa sita usiku na saa kumi alfajiri. Kabla ya hapo vibanda bado viko wazi na wengi wanatafuta riziki. Baada ya hapo wapakiaji wa sokoni wameshaamka. Epukeni usiku wa mvua, kwa sababu watu hujificha ndani ya magari mabovu, nyuma ya mitungi ya maji na kwenye majengo yasiyokwisha, na hesabu itashuka. Epukeni pia wiki ya sikukuu na siku zinazofuata operesheni ya kuwazoa watu mitaani. Usiku wa namna hiyo barabara ni tupu, na mtakuwa mmewapa serikali ushahidi kwamba tatizo halipo.

Tembeeni watatu watatu: mmoja wa kuuliza, mmoja wa kuandika, na wa tatu awe mtu aliyewahi kulala maeneo hayo. Huyu wa tatu ndiye hesabu yenyewe, kwa maana anajua ngazi ipi nyuma ya soko ina watu na ipi ina panya tu, na wanaolala pale wanamjua sauti. Bila yeye watu wanakimbia wakiona tochi, wakidhani ni msako.

Maswali yasizidi kumi. Jina zima haliulizwi. Andika herufi mbili za mwanzo, mwaka wa kuzaliwa na jinsia, inatosha kutambua aliyerudiwa. Jana ulilala wapi? Umelala nje tangu lini? Kabla ya hapo ulikaa wapi, na kitu gani kilikutoa? Unafanya kazi gani mchana? Una mtoto au mgonjwa unayemlea? Ukipewa msaada mmoja, ungekuwa upi? Swali la "kitu gani kilikutoa" liandikwe kwa maneno ya mtu mwenyewe. Kutoka kwenye jibu hilo ndipo mtapata kwamba mtu wenu mmoja aliachishwa kazi, mwingine alitolewa chumbani kwa kodi ya miezi miwili, mwingine alitoka kijijini kwa ajili ya shamba la urithi. Huo ndio mgawanyo wa ofisi tuliowaeleza vijana wa Kisenyi.

Aliyelala fofofo haamshwi. Anawekwa alama moja kwenye safu ya "ameonekana, hakuulizwa". Picha hazipigwi. Watoto wasio na mzazi hawahojiwi na kikundi. Hesabu idadi, kisha ombeni afisa wa probesheni awe nanyi au arudi nanyi mchana.

Barua kwa kituo cha polisi na kwa wenyeviti wa LC1 ipelekwe wiki moja kabla, ikitaja usiku wenyewe na majina ya wahesabuji, na kila timu ibebe nakala yenye muhuri. Barua hiyo isitaje njia mtakazopita. Ikizitaja, mtu anaweza kuzisafisha jioni hiyo.

Asubuhi yake, kabla hamjatawanyika, timu zote zikae pamoja na kulinganisha fomu. Zinazofanana kwa herufi, mwaka na jinsia huchunguzwa, zilizorudiwa zinafutwa, na idadi iliyofutwa inaandikwa wazi kwenye ripoti. Wengi huogopa kuandika hivyo wakidhani kunawadhoofisha. Kinyume chake, hilo ndilo litakalomfanya mtu wa takwimu aamini namba iliyobaki. Na mwenyekiti wenu mwiteni kwenye kikao hicho cha asubuhi. Akishiriki kufuta, hatasema tena ishirini.

SWALI: Je, ni lazima kikundi kisajiliwe kwanza?

JIBU: Kuandika waraka na kuomba mkutano, hapana, ibara ya 38 ya Katiba inampa kila Mganda haki ya kushiriki kwa amani katika kuishawishi serikali. Kufungua akaunti ya benki au kupokea fedha za mradi, ndiyo. Pitieni kwa afisa maendeleo ya jamii mkiwa na katiba ya kikundi, orodha ya wanachama, muhtasari wa mkutano wa kuanzisha na barua ya LC1.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wanne, Bwaise. Nilichelewa kodi, mwenye nyumba akatuma vijana wakaezua mabati mchana tukiwa ndani. Kwa sasa tuko kwa dada yangu, watu tisa chumba kimoja. Kampeni zenu zinanisaidia nini?

JIBU: Mama, pole sana. Tuanze na wewe, kampeni baadaye. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 haimruhusu mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama, hata kama anadaiwa kodi. Kuezua paa au kung'oa mlango ni kumtoa mtu kwa mlango wa nyuma. Deni lako linabaki deni, halimpi yeye ruhusa ya kufanya hivyo.

Fanya haya wiki hii: mtu apige picha chumba na fremu ya paa ionekane, andika tarehe, saa, na majirani wawili walioona, tafuta risiti zote za kodi, na kama ulilipa kwa simu omba taarifa ya miamala. Ripoti polisi, upewe namba ya kumbukumbu. Kisha nenda kwa watoa msaada wa sheria bila malipo. FIDA Uganda (chama cha wanasheria wanawake), Justice Centres Uganda na mradi wa msaada wa sheria wa Chama cha Wanasheria wote hupokea kesi za namna hii. Usikubali kusaini karatasi ya "tumeelewana" kabla mwanasheria hajaisoma.

Umesema uko kwa dada yako. Kwenye hesabu nyingi wewe huonekani, kwa sababu hulali barabarani. Ndiyo maana tunaomba vikundi viwe na orodha ya pili ya familia zilizohifadhiwa na ndugu, inayokusanywa mchana nyumba kwa nyumba. Kesi kama yako zikikusanywa kumi kwenye jedwali moja, zoni moja, mwaka mmoja, kikundi kinaweza kumwomba karani wa divisheni na polisi waitishe kikao na wenye nyumba wa eneo hilo, sheria isomwe mbele yao kwa lugha wanayoielewa. Wenye nyumba wengi wenye mizigo (vyumba vya kupangisha) sita au saba hawajawahi kuisikia. Jambo hilo halihitaji bajeti, na tunashangaa linavyoombwa mara chache.

SWALI: Tunaishi Namuwongo, karibu na reli. Viongozi wanatuambia tusihofu, hatutaondolewa kabla ya kutafutiwa mahali. Tuwaamini?

JIBU: Waaminini, lakini kwa maandishi. Julai 2011 familia 1,747 ziliondolewa kwenye nyumba za serikali za Nakawa na Naguru ili mji mpya ujengwe, kwa ahadi kwamba wapangaji wale wangepata nyumba ndani ya mradi. Miaka kumi baadaye walikuwa bado hawajakabidhiwa. Ardhi ilikuwepo na makubaliano yalikuwepo. Wapangaji ndio hawakuwa na kitu mkononi cha kuuzuia ubomoaji mpaka ahadi itimie.

Kwa hiyo ombeni kabla, si baada. Barua yenu iulize mambo manne: mpaka wa hifadhi ya reli unapita wapi kwenye mtaa wenu (na uwekewe alama mbele yenu), kaya zipi zimo, nani atalipa fidia au kuhamisha, na kutoka fungu lipi, na notisi itakuwa ya siku ngapi. Pigeni rangi namba kwenye kila mlango na mtengeneze orodha yenu kabla wapimaji wao hawajafika. Orodha ikitengenezwa na upande mmoja tu, wapangaji hupotea na wenye vyumba hubaki peke yao.

Kuna hukumu ya kuitaja. Januari 2019, katika kesi ya Muhindo James na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama Kuu ilisema kukosekana kwa mwongozo wa namna ya kuwaondoa watu kwenye ardhi kunavunja haki zao, ikaamuru serikali ianze kuutengeneza. Mwaka 2021 Jaji Mkuu akatoa maelekezo ya utaratibu kuhusu utekelezaji wa amri za kuwaondoa watu kwenye ardhi. Nakala ya maelekezo hayo ikae kwa mwenyekiti na kwa angalau watu wengine watatu. Buldoza likija alfajiri bila notisi wala karatasi ya mahakama, huo si wakati wa kuanza kuitafuta.

SWALI: Jinja. Tumeomba mara nyingi kujua fedha za kuboresha mitaa ya mabanda zilitumikaje. Hatujibiwi.

JIBU: Acheni kuomba kwa mdomo. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005 inampa kila raia haki ya kuomba kumbukumbu za ofisi ya umma, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Jazeni fomu, lipeni ada ya 20,000, mtunze risiti. Ombeni hati kwa jina lake: mpango kazi wa mwaka fulani, mkataba wa barabara fulani, ripoti ya robo ya tatu. Aliyeomba "taarifa zote za fedha" hujibiwa kwamba ombi halieleweki. Siku 21 zikipita kimya, sheria inahesabu mmekataliwa, na mnaweza kulalamika kwa hakimu mkuu wa eneo.

Jinja mna faida moja. Mradi wa TSUPU, wa kuboresha makazi ya maskini wa mijini, ulipita kwenu pamoja na Arua, Kabale, Mbale na Mbarara, na uliacha wazo la jukwaa la maendeleo la mji, ambapo wakazi wa mitaa ya mabanda hukaa meza moja na maofisa. Kama la kwenu limelala, kuliamsha ni ombi dogo na lina mfano. Vikundi vya akiba vya Shirikisho la Kitaifa la Wakazi wa Mitaa ya Mabanda vinajua liliendeshwaje, vitafuteni.

SWALI: Tupeleke ombi Bungeni au tuandamane?

JIBU: Ombi la Bungeni linahitaji mbunge wa kuliwasilisha. Wa jimbo lenu akisita, kuna mbunge mwanamke wa wilaya. Liwe kwa Kiingereza au liambatane na tafsiri, lugha yake iwe ya heshima, na mwisho wake liseme wazi Bunge lifanye nini. Kila karatasi ya sahihi au dole gumba iwe na maneno ya ombi juu yake. Karatasi tupu zenye majina tu huzusha shaka kwamba ziliokotwa kwenye shughuli nyingine. Pelekeni rasimu kwanza ofisi ya Karani wa Bunge waikague. Likishasomwa, mambo ya nyumba huenda Kamati ya Miundombinu, na huko ndiko kazi yenyewe iliko: fuatilieni siku mtakayoitwa, na mpeleke watu wawili wanaojua hesabu yenu kwa kichwa.

Maandamano ni haki chini ya ibara ya 29. Sheria ya mikusanyiko ya 2013 ilitaka polisi wapewe taarifa kati ya siku 3 na 15 kabla. Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu dhidi ya sheria hiyo mwaka 2020, lakini kituoni barua bado inadaiwa, kwa hiyo ipelekeni. Maoni yetu ni kwamba kwa kikundi chenye mama wajawazito na watu wasio na pa kurudi jioni, ujumbe wa watu kumi wenye miadi unazaa zaidi. Julai 2024 vijana walioelekea Bungeni kupinga ufisadi walikamatwa wengi. Mwenye pa kulala ana mtu wa kumtafuta akikamatwa. Anayelala nje mara nyingi hana.

Siku nzuri ya kuita waandishi wa habari ni Siku ya Makazi Duniani, Jumatatu ya kwanza ya Oktoba. Inaangukia karibu kabisa na mikutano ya bajeti.

SWALI: Rafiki zetu wanaolala kwenye maegesho ya mabasi hukamatwa usiku kwa "uzururaji". Tufanye nini?

JIBU: Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vipengele vya Kanuni ya Adhabu vilivyomfanya mtu kuwa mkosaji kwa sababu tu hana njia ya kujikimu inayoonekana au anazurura mahali na kushukiwa. Kwa hiyo ulizeni kituoni, kwa utulivu, ni kifungu gani kimeandikwa kwenye kitabu. Lisilo kosa haliwezi kuandikwa, na mara nyingi swali hilo peke yake linafungua mlango. Dhamana ya polisi hailipiwi. Aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48.

Kikundi kiwe na daftari la msako: tarehe, saa, mahali, waliochukuliwa wangapi, kituo gani, waliachiwa lini na kwa masharti gani, na kama waliombwa fedha. Kila mwezi nakala yake ipelekwe ofisi ya Tume ya Haki za Binadamu iliyo karibu, ambako malalamiko hayalipiwi, na nyingine kwa RDC, mwakilishi wa Rais wilayani. Mtu aliyepotea zaidi ya siku mbili asisubiri mwisho wa mwezi: ulizeni vituo vyote vya divisheni siku hiyohiyo, kisha mahakama, kisha gereza la mahabusu.